Kijiko Ulichokitia kwa Simu

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. U mzima? Kikohozi chako kimekwisha? Sisi tu wazima, ila kidole gumba changu kina bandeji na godoro la Mama lina tundu. Endelea kusoma, usiruke.

Uliniambia unakuja mwishoni mwa Juni na mchumba wako, unataka aionje bia ya dada yako. Nilifurahi, mdogo wangu. Nikapika lita ishirini, nikaziacha zichachuke mpaka zikatulia, hata kiputo hakipandi.

Siku ya kujaza chupa nikapima sukari kwa mizani: gramu mia na ishirini, yaani gramu sita kwa lita. Nikaichemsha kwa vikombe viwili vya maji, ikapoa, nikaimimina kwenye ndoo safi, kisha nikaishushia bia juu yake kwa mpira, taratibu, ili kila chupa ipate mgawo sawa. Sukari hiyo si ya utamu. Ni chakula cha hamira iliyobaki. Ikishakula inatoa gesi, na kizibo kinaifungia humo humo. Hamira ikivimbiwa, chupa haina tumbo la kutanuka.

Nikatoka kufuata vizibo dukani. Chupa arobaini ziko mezani, zimejaa, midomo wazi. Ndipo ulipopiga simu, akapokea shemeji yetu Spika, ambaye hajawahi kupewa ushauri mbovu asiutekeleze kwa bidii. Ukamwambia, "Shem, tia kijiko kimoja kila chupa. Dada ni mbahili wa sukari, bia yake haina povu."

Akatia! Narudi nakuta meza imelowa povu. Namuuliza kulikoni, ananijibu, "Zimechangamka tu, bosi, piga vizibo!" Kijiko hakukitaja. Nikadhani ameigonga meza kwa kiuno chake kile, nikapiga vizibo.

Sasa hesabu nawe. Kijiko cha chai ni gramu nne, chupa ni nusu lita. Kwa lita, umeongeza nane juu ya sita zangu. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wewe hata chomboni humo!

Juma lililofuata chupa moja ikapasuka stoo, kigae kikaingia kwenye godoro lililoegemezwa ukutani. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka humo. Zilizobaki nikazifungua moja moja, nimejifunika blanketi na kofia ya pikipiki, bia inapiga dari, kizibo kimoja kikanichana kidole gumba. Yote nimeimwaga. Hapo ndipo Spika aliponiungamia habari ya simu na kijiko, na tangu hapo, kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu, hana sauti.

Mama ameifunga stoo. "Nyumba yangu si ghala la mabomu," anasema. "Kapikie kwingine." Kwingine wapi? Nilianza na ndoo ya kuazima, hakuna aliyenishika mkono, na leo mkahawa wa kona unaingoja bia yangu. Nisipopika wiki hii, watatafuta mwingine. Nikimweleza Mama habari ya simu yako, ananikatiza: "Usimsingizie mtoto aliye mbali, hana wa kumtetea." Wewe, huna wa kukutetea!

Kwa hiyo mpigie leo. Usianze na hali ya hewa, wala usimwingize Spika. Mwambie ni wewe uliyeagiza kile kijiko, na kwamba dada yako alikuwa amepima sawasawa. Kwangu hatasikia, kwako atasikia kabla hujamaliza.

Dada yetu anakusalimu, mumewe anakupungia mkono tu. Nisalimie mchumba wako. Yeye hana kosa, na ni vizuri ajue mapema anaolewa na nani. Mungu akulinde, akuepushe na vyungu vya watu.

Bia haitawahi siku yenu. Mkifika nitawachemshia chai, na sukari utajitilia mwenyewe, maana vipimo unavijua.

Nikupendaye hata leo,
Dada yako mkubwa