Baba, Aliyekusaliti Yuko Hapa St Marys

Baba,

Nimemwona Gervais. Yuko hapa Sydney, mtaani kwetu St Marys.

Yule uliyemwita ndugu. Mlikuwa maseneta wawili wa mkoa mmoja, alikula kwetu kila Jumapili, na mama alimwekea paja la kuku. Kabla ya siasa ulikuwa mwalimu wa historia, na mezani ulitusimulia habari za kaisari wa Roma aliyewaua maseneta wake mmoja baada ya mwingine. "Kaisari hakuwajua wote," ulisema. "Alikuwa na watu wa kumnong'oneza." Gervais akacheka, akaomba aongezewe ndizi.

Kisha Rais akataka atawale mpaka afe, na wewe ukakataa kunyoosha mkono kumpigia kura. Tulikuwa tunatazama televisheni Gervais aliposimama katika Seneti akakunyooshea kidole: "Huyu hapa anapanga kumpindua mtukufu Rais!" Kesho yake askari wakakuchukua nyumbani, kiatu kimoja mguuni. Mwili wako hawakutukabidhi. Mama alifia katika kambi ya wakimbizi akiulizia kaburi lako.

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu, mchungaji alimkaribisha "mzee wetu mgeni" atuombee. Nilikuwa nimetoka shifti ya kuhudumia wazee, nguo za kazi bado mwilini. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Amenenepa. Amenenepa, Baba!

Nikasimama. Nikawaambia watu wote alichokufanyia, halafu nikamwuliza, "Baba yangu mlimzika wapi?"

Akatabasamu. "Mwanangu, mambo ya siasa yale. Tumwachie Mungu."

Hakuna aliyesema amina. Mama Zawadi, ambaye kaka zake waliuawa na Rais yule yule, alichukua mkoba wake akatoka, na kanisa zima likamfuata. Gervais akabaki na mchungaji na viti. Nilifurahi, Baba. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Jumatatu tukaenda polisi, mimi na Mama Zawadi. Walinisikiliza asubuhi nzima. Wamesema kesi kama hizi huchukua muda. Sawa. Wasichojua ni kwamba mimi ni binti yako, sikati tamaa. Nasikia sasa Gervais anatafuta nyumba mtaa wa Cabramatta. Aende. Huko nako kuna watu wetu, na nimeshawapigia simu.

Lala, Baba, popote walipokutupa. Nakuahidi atasema ulipo, mbele ya hakimu, mimi nikimtazama machoni. Nitakuja nikuzike kwa mikono yangu. Yeye sitamsamehe.

Binti yako,
Espérance