Pembe ya Nne ya Tanga

Al Khoud, Muscat
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Kheiria,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima, goti lako la kushoto limepoa, na shemeji Thabit ameacha kubishana na daktari juu ya sukari yake. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillah. Joto limeingia mapema mwaka huu; bomba la maji baridi linatoa maji ya moto tangu asubuhi. Mtende ulioupanda uani siku ile ulipokuja umeanza kuzaa, na majirani wote nimewaambia kuwa ni wako.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua nasi tunasemezana kwa simu kila siku. Nimejaribu kwa simu mara mbili. Kila nikianza, unanipokea kwa upole wako, unaniuliza kama nimekula, nami naishia kukupa habari za samaki wa sokoni. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na jirani yangu Khalil, anayesafiri kuja Unguja kesho, atakupa mkononi.

Umeniuliza kwa nini Sleyum hapokei simu zako. Mwanao ni mzima. Anakula, ingawa si sana, na bado analala kwenye chumba kile kile cha kwangu alichokaa tangu alipokuja kusoma. Lakini kazini wamemtoa kwenye tanga. Wamempa dawati ghorofa ya chini, anahesabu vifaa vya ghala, na wenzake wakipishana naye kwenye ngazi wanamwamkia kwa heshima nyingi mno. Nataka nikueleze ilikuwaje, na tafadhali uisome barua yote kabla hujaninyanyulia simu.

Tanga lenyewe unalijua kwa picha tu. Ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unang'aa, na ukitandazwa unaweza kufunika nyumba yenu na ua wake. Chombo kile hakina mafuta wala moto. Kikishapelekwa angani na roketi, mwanga wa jua unalipiga tanga na kulisukuma, kidogo kidogo, bila kukoma. Sleyum aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia atafute mtu mwengine wa kumchezea. Basi utando wote ule hukunjwa ukaingia kwenye kisanduku kidogo kama cha viatu, na mashine yao ya kukunjia iliuchana mara tatu. Ndipo mwanao alipomwambia mkuu wao, Bi Manal, kwamba ana mama mdogo anayepiga marinda ya nguo za maharusi tangu ana miaka kumi na sita. Bi Manal hakucheka. Aliniita ofisini kwao Al Khuwair, akanipa kipande nikikunje, akakikunjua mbele ya taa, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza naweza kuanza lini.

Miezi mitatu nimekunja, dada. Mie niliyezoea kushona huku redio inaimba, nilivalishwa nguo nyeupe toka utosini mpaka kwenye kidole cha mguu, nikakatazwa hata kukohoa. Mlinzi wa chumba cha kukunjia alikuwa Akinyi, Mkenya wa Kisumu, fundi wa usafi wa vumbi lisiloonekana kwa macho. Alikuwa anatunusa mlangoni. Mkurugenzi mzima alirudishwa na Akinyi akaoge kwa ajili ya manukato aliyojipulizia kwenye ndevu. Kila siku alituambia kuwa mafuta ya ngozi, poda, marashi, vyote ni adui wa utando. Nilimpenda sana, na nilimsikia vizuri. Hilo nataka ulijue.

Kazi ya Sleyum ilikuwa mikono. Pembe nne za tanga zinavutwa na mikono minne ya chuma chepesi inayojinyoosha kutoka kwenye kisanduku, na mikono hiyo aliibuni yeye, miaka minne, tangu alama ya kwanza ya kalamu. Siku tanga lilipofunguka tulikuwa sote mbele ya kioo cha picha. Pembe ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya nne ikatikisika, ikasita, ikabaki pale pale. Mkono ulivuta mpaka ukapinda. Tanga likaanza kuzunguka upande upande, na mpaka leo linazunguka hivyo hivyo, haliendi popote.

Ikaundwa kamati. Wakakaa wiki tano, wakaandika kuwa mkono wa nne ulikuwa dhaifu. Walipomuuliza Sleyum kama ana la kusema, alijibu kuwa hana. Watu walimwona muungwana kwa kukubali kosa lake. Mimi nilikuwa nyumbani nachambua mchele siku aliponisimulia, na mikono yangu haikusimama.

Mwezi uliopita Bi Manal akaniita tena. Akaniambia tanga la pili limepata nafasi kwenye roketi, na wanataka mikunjo ile ile. Akanieleza kuwa mikono safari hii itatoka kwa kampuni ya nje, mizito, yenye nguvu mara mbili ya ile ya Sleyum, ili pembe ikigoma ivutwe kwa nguvu. Nikamwuliza utando utastahimili vipi. Akasema wanaamini utastahimili. Mimi niliyeushika utando ule kwa vidole nilijua utachanika. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye gari mbele ya mlango wangu mwenyewe, sikuweza kushuka.

Sasa nakwambia. Pembe ya nne niliigandisha mimi.

Tanga likishakunjwa lilikuwa linafungwa kwenye shuka jeupe mpaka siku ya kutiwa kisandukuni. Lile shuka lilikuwa linafumuka upindo, na mule ndani hakuna cherehani, nikalichukua nyumbani Alkhamisi nilishone. Lilipokwisha nikalitazama limekunjwa juu ya meza, nikamkumbuka mama. Unakumbuka, Kheiria, hakuna mtu aliyetoka nyumba ile kwenda safari bila nguo zake kufukizwa. Wewe ulipoolewa, mimi nilipokuja huku, hata baba alipokwenda kutibiwa asirudi. Nami nilikuwa na kitu cha mwanangu, maana Mungu hakunipa mwengine, kinakwenda mahali hakitarudi tena. Nikawasha makaa kwenye chetezo cha mama, nikatia udi ule mzuri, nikalitandaza shuka juu ya tenga, nikasoma nilichojaaliwa kusoma mpaka moshi ukaisha. Maneno ya Akinyi yalikuwa kichwani mwangu. Nilijiambia udi si marashi, udi ni dua.

Ijumaa tulifanya kazi baada ya sala kwa kuwa mzigo ulikuwa unaondoka Jumamosi. Kila kilichotoka nje kilikuwa lazima kipite kwa Akinyi akioshe upya, lakini huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na ndiyo siku yake ya kanisa. Aliyekaa badala yake aliniuliza shuka limeoshwa, nikasema limeoshwa. Nikalifunga tanga kwa mikono yangu. Lililala humo usiku mmoja, na upande uliogusana na shuka ulikuwa wa pembe ya nne. Moshi wa udi una mafuta. Jua la huko juu liliyafanya mafuta yale gundi.

Ijumaa iliyopita nilimwomba Sleyum anipeleke pwani ya Yiti, nikamwambia ndani ya gari, nikitazama mbele. Hakushtuka. Akazima gari, akasema, "Mamdogo, nlisikia harufu." Jumamosi ile alipolifungua shuka ili tanga litiwe kisandukuni, ilimpanda puani, akajua imetoka nyumba gani. Alikuwa na kalamu mkononi, karatasi ya kuthibitisha kuwa tanga ni safi iko mbele yake. Angesema, tanga lingekunjuliwa, roketi ingeondoka bila sisi, na mimi ningetolewa mule mbele ya watu. Akajipa moyo kuwa ni kidogo, haitadhuru. Akatia sahihi, na shuka akalificha chumbani kwake. "Wewe hukujua itafanya nini," akaniambia. "Mimi nlijua."

Aliniomba ninyamaze. Nimeshindwa kumtii. Leo asubuhi nilimpelekea Bi Manal maandishi yangu, na shuka lenyewe ndani ya mfuko. Aliufungua, akanusa, akaufunga. Akapiga simu mbele yangu kusimamisha mikono mizito. Kisha akamwita Sleyum kutoka chini, akamwuliza jambo moja tu, kama alijua. Nilimtazama nikimwomba kwa macho akanushe. Akasema alijua.

Nilidhani nakwenda kumsafisha mwanao, dada, kumbe nimemtoa kwenye kosa lisilo lake na kumtia kwenye lililo lake. Mkono wake haukuwa dhaifu, hilo litaandikwa. Sahihi yake nayo itaandikwa. Nilipoondoka walikuwa bado wamefunga mlango. Sijui kama watamrudisha. Mimi sitagusa tanga tena, na ni haki.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Mpigie mwanao, atapokea sasa, hana tena cha kukuficha. Usimwulize kitu, mwache yeye aanze.

Nisalimie shemeji Thabit, na Bi Bakhita wa nyumba ya pili, na watoto wote mmoja mmoja. Wakiniuliza, waambie nimerudi kwenye nguo za maharusi.

Khalil atakupa na kifurushi. Ndani yake mna chetezo cha mama. Kikae kwako, wewe ndiwe mkubwa. Nimekikosha mara tatu kwa majivu na ndimu. Bado kinanukia.

Mdogo wako,
Ghaliya