Picha ya Mwaka Jana

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo na wanao? Mimi namshukuru Mungu, ila sare arobaini za shule zinaningoja kwenye cherehani na wazazi wamenikaba koo.

Juzi nilipigwa picha ya titi, lile lililotolewa uvimbe na kuchomwa mionzi. Daktari kaona chembe za chokaa, ndogo kama chumvi. Huenda ni kovu la mionzi tu, huenda ugonjwa umerudi. Anataka kulinganisha na picha ya mwaka jana, ile niliyopigwa nilipokuja kwako. Kama chembe zilikuwepo na hazijabadilika, nimepona. Wewe uliniambia majibu ni safi, lakini anataka kuiona picha yenyewe. Nitumie bahasha haraka. Naogopa, sikufichi.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Picha hiyo hapo. Nimechelewa kwa sababu ya karatasi ya majibu iliyo ndani ya bahasha. Isome ukiwa umekaa. Inasema chembe chache zimeonekana, urudi baada ya miezi sita. Majibu yalikuja wiki moja baada ya wewe kuondoka. Nilikupigia simu nikuambie. Ukapokea unacheka, umepata oda ya magauni ya harusi, ukasema sasa umezaliwa upya. Ulimi ukawa mzito, nikasema safi. Nikajiambia nitakuambia mwezi ujao, na mwezi ujao nikajiambia hivyo hivyo.

Nitukane, dada. Usininyamazie tu.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako na watoto. Mkono wa kuandikia hauniumi, nilinyamaza kwa makusudi.

Daktari alizibandika picha mbili kwenye taa. Hata mimi niliona: mwaka jana chembe tano, mwaka huu hazihesabiki, zimejipanga mstari kama mshono. Wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, wakakipima. Ugonjwa umerudi, na vipimo vingine vimeonyesha umeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Hakuna cha kukata tena. Dawa ni za kutuliza maumivu. Nilimuuliza kama kurudi baada ya ile miezi sita kungesaidia. Akasema pengine. Afadhali angesema hapana.

Nilitaka nikununie mpaka uje unipigie magoti. Nilianza vizuri, wanijua. Lakini siku zilizobaki hazitoshi kununa na kupatana, vyote viwili. Kwa hiyo nimeacha kununa. Njoo, usisubiri likizo.

Dada yako