Dundu Wasioruka wa Malisho ya Mjomba

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Jana mvua, leo jua. Nimempata! Nyuma ya zizi la Mjomba Mzimasi, nje kabisa ya uzio wa hifadhi. Kwenye ramani yetu ya makumbusho upande huu ni mweupe mtupu.

Dundu jike. Mweusi, mnene. Anasukuma donge la mavi ya ng'ombe kinyumenyume, na dume anamfuata bila kusaidia lolote. Hawa hawaruki. Wakihama, wanahama kwa miguu.

Mjomba kanikuta nimelala kifudifudi. Kauliza kama chuo kikuu ndiko walikonifundisha hivyo. MamTolo, mkewe, kamtazama yule dume, kisha kamtazama mumewe. Kasema hana la kuongeza.

Jumatano, 6 Novemba

Nimezunguka malisho ya majirani. Hakuna hata mmoja. Nyasi zilezile, vichaka vilevile, mvua ileile.

Tofauti ni sindano ya minyoo. Majirani wote wanawachoma sindano hiyo ng'ombe wao. Mjomba hajawahi. Hapendi, basi. Dawa hutoka na mavi, mabuu ya dundu wanakufa humo. Na jike hutaga yai moja tu, akakaa nalo chini ya ardhi mpaka mtoto akue. Moja! Ukimuulia huyo, umemaliza habari.

Nimemweleza Mjomba yote haya zizini. Labda kwa furaha iliyozidi. Nimemwambia duniani wamebaki sehemu chache, na sehemu mojawapo ni ukaidi wake. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Ijumaa, 8 Novemba

Dundu wengine, bondeni. Mjomba amewatangazia wazee wenzake kwamba mpwa wake ametoka mjini kufuata mavi ya ng'ombe wake. Anayasema kama mtu aliyepewa nishani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nontsundu, yule ng'ombe mweusi, hali. Anaharisha. Chini ya taya kumevimba. Ni minyoo, hata mimi naona.

MamTolo kanibana jikoni.

"Lindelwa, sema na mjomba wako. Aite daktari."

Nimesema nitaona.

"Utaona nini? Ng'ombe si huyo hapo amelala?"

Nimekula mkate wa mvuke, na maziwa ya mgando ya Nontsundu. Ya juzi. Leo hakukamuliwa.

Jumapili, 10 Novemba

Sikusema na Mjomba.

Nimempigia mkuu wangu makumbusho. Amefurahi sana. Kasema nihakikishe hapa habadilishi mtu kitu chochote. Nikasema sawa.

Mchana ndama wa Nontsundu amekufa. Mjomba kamburuta mwenyewe kwa kamba, hakutaka kushikiwa. Dundu walikuwa wameshafika kwenye mavi ya mwisho ya ndama. Nimewapima. Sijui kwa nini nimewapima.

Jumanne, 12 Novemba

Ipo dawa nyingine, ya kunywesha, isiyowadhuru dundu. Nimempigia Daktari Abongile, daktari wa mifugo wa wilaya. Imekwisha. Itakuja lini, hajui. Sindano anazo, kesho anapita huku. Kauliza Nontsundu bado anasimama? Nikasema akiinuliwa.

Nimemwambia apitie.

Jumatano, 13 Novemba

Daktari amefika asubuhi. Mjomba kasimama kwenye lango la zizi, hatoki. Kamsalimia vizuri, kamuuliza habari za mama yake. Hatoki.

Nikasema, "Mjomba, muache amchome."

"Si ulisema inaua wadudu wako?"

"Nilisema."

"Basi."

MamTolo katupa ndoo chini, akayatoa yote. Hapo ndipo nimejua. Kumbe Mjomba alikuwa amekwisha kukubali sindano! Alishakubali kabla sijafika, alipoona ng'ombe wanakonda. Kisha nikaja mimi, nikaongea zizini, na kesho yake akamwambia mkewe hapana.

"Miaka yote huyu mtoto anakuja kwetu anaondoka mikono mitupu," Mjomba alimwambia daktari, si mimi. "Safari hii amepata kitu. Kwangu. Nikiue mimi?"

Daktari kaanza kuijaza sindano.

Nikasema dundu watapatikana kwingine. Mjomba kaniuliza wapi. Nikanyoosha kidole kwa majirani. Kaniambia nimesoma mambo mengi lakini kudanganya sijasoma.

Nikasema basi tuwafungie ng'ombe zizini baada ya sindano, mavi nitazoa mwenyewe, yasifike malishoni. Kauliza watakula nini humo ndani. Nikasema nyasi nitakata. Katazama mikono yangu. MamTolo naye kaitazama. Hakuna aliyecheka.

Daktari ana vijiji vingine. Sindano ameshaijaza. Mjomba bado yuko langoni, ila mkono ameuondoa kwenye komeo, sijui amekubali au mkono umechoka. Nimeingia ndani kutafuta mundu, nikaketi kuandika. Nje Nontsundu anajaribu kuinuka bila kuinuliwa. MamTolo ananiita kwa jina la ukoo wa baba yangu, kama anavyoitwa mtu mzima wa kuheshimiwa, na hajawahi kuniita hivyo. Naenda.