Nafasi Tisa za Wasichana

Alhamisi, 4 Septemba

Sijamwambia mtu. Si Shangazi, si mama kule Sepuka. Hata kwenye kitubio niliruka. Naandika hapa mara moja, halafu basi.

Mwezi wa saba nilibadilisha machaguo ya Emiliana.

Haya. Imeandikwa. Mkono haujakatika.

Ilikuwa hivi. Emi hana simu, na kwao Mungaa mtandao unakuja na kuondoka. Mimi niko hapa Ikungi kwa Shangazi Theodora tangu tumalize form six, kwenye steshenari yake, nawajazia watu maombi ya chuo. Kwa hiyo Emi akanipa kila kitu: namba ya mtihani, paswedi, na karatasi aliyochana kwenye daftari, mwandiko wake ule wa kulala. 1. Sayansi ya Kompyuta. 2. Ualimu, Hisabati na Fizikia. 3. Takwimu. Vyuo viwili, mpangilio uleule. Akasema, Sel, wewe ndiye mkono wangu. Akarudi kwao kupiga alizeti.

Mimi nikaweka ualimu namba moja. Kompyuta namba mbili. Nikatuma bila kufikiri —

Uongo. Nilifikiri sana. Nilikaa na ile fomu toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri.

Jana majina yametoka. Mimi: kompyuta, Dodoma. Emi: ualimu, vyuo vyote viwili. Mfumo unaanza na namba moja. Ukiwa na sifa unakupa hiyo, haujisumbui kusoma ya pili.

Shuleni tulifundishwa kuandika diary kwa Kiingereza. Leo nimejaribu, nikaichana. Kwa Kiingereza kosa langu linakuwa dogo, kama la mtu fulani kwenye kitabu cha comprehension.

Ijumaa, 5 Septemba

Kwa nini. Niandike na hilo.

Noel, mtoto wa Shangazi, anasoma kompyuta hukohuko Dodoma, anaingia mwaka wa tatu. Mwezi wa saba mwanzoni alikuja likizo. Tunakula, akasema darasani kwao wako themanini na mbili, na wasichana "walichukua tisa tu".

Mimi nikaielewa kama hesabu ya viti. Nafasi tisa za wasichana, nchi nzima! Na Emi hisabati ana B. Mimi C, na fizikia D. Nikasema moyoni: kama ni tisa, huyu akiomba, wa kuachwa ni mimi.

Ila kuna jingine, na hili ndilo baya zaidi.

Darasa la PCM, fizikia kemia na hisabati, tulikuwa arobaini na mmoja. Wasichana wanne. Kompyuta za shule kumi na moja, zinazowaka sita. Kengele ya kipindi ikigonga wavulana wanakimbia, viti vinaisha. Katika wasichana ni Emi peke yake alikuwa anakimbia nao. Siku moja Stanley akamsimamia: inuka dada, wewe utaenda kuchapa barua za watu, utupishe sisi. Emi hata hakugeuka. "Nimeshakaa. Anayetaka kiti anibebe nacho."

Darasa zima lilicheka. Stanley akaenda kusimama ukutani.

Na mimi? Miaka miwili nimesimama nyuma ya kiti cha Emi. Nimejifunza kompyuta juu ya bega lake. Mwalimu Leonidas akiuliza swali, Emi anajibu, mimi natikisa kichwa kama vile na mimi nilikuwa najua. Na mara nyingine nilikuwa najua kweli!

Nilitaka mahali ambapo yeye hayupo. Ndiyo hiyo sababu.

Jumamosi, 6 Septemba

Baba yake Emi kaja. Mzee Filipo. Nilimwona tangu anavuka barabara, kuku kwapani, nikatamani kuingia chini ya mashine ya fotokopi.

Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, hujambo, wa Sepuka hawajambo, alizeti huko zimekubali? Kisha akamkabidhi Shangazi kuku mbele ya wateja. Mtetea mwekundu, miguu imefungwa kwa pindo la kanga. Kasema huyu ni wa Selina, kwa kazi aliyomfanyia mwenzake.

Ana furaha! Mtoto wa kike akiwa mwalimu, kasema, shule hazikosi, hata Mungaa anarudi kufundisha, anakula kwa mama yake. Hiyo kompyuta ilikuwa inamnyima usingizi. Ameulizia watu, wamemwambia huko ni wanaume watupu, wanakesha na mashine. "Sasa binti yangu akeshe na nani?"

Wateja wakacheka. Shangazi akacheka mpaka akashika meza.

Nikasema asante baba. Nilisema ASANTE.

Nikauliza Emi anasemaje. Mzee akageuza kofia mikononi. Kasema siku mbili hizi hali chakula vizuri, lakini itapita. Anarudia tu kwamba kumbe ile B haikutosha.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa Shangazi kanoa kisu. Nikamwambia huyu kuku anakaribia kutaga, tumwache. Kaniangalia. "We Selina, ulimi uliuacha Sepuka, nikanyamaza. Leo na akili umeiacha?" Lakini kisu karudisha.

Noel alikuwa kibarazani anafua raba zake. Nikamkalia karibu. Nikauliza kama vile nauliza kwa ajili yangu: mwaka huu zile nafasi za wasichana ni ngapi?

Nafasi gani?

Zile tisa.

Akaniangalia kama nimemwomba maziwa ya kuku. Hakuna nafasi za wasichana, Sel. Nafasi ni nafasi. Tisa ndio walioomba na wakawa na sifa, wakachukuliwa wote, hakuna aliyeachwa. Wanawatafuta kwa tochi! Kuna mwalimu wao mmoja mwanamke, anasimama mlangoni anawahesabu kama mtu anahesabu kuku jioni. Mwaka wa kwanza mmoja alihamia kozi nyingine, yule mama alimfuata mpaka bwenini kumuuliza nani amekuudhi.

Akaendelea kusugua raba. Kasema na wewe usikubali kwenye kazi za kikundi wakupe kuandika ripoti tu. Wote tisa walianza hivyo: wavulana wanaandika programu, wao wanapanga kurasa na kuweka majina. Nikauliza, na wewe ulikuwa unawapa ripoti? Akapindua raba. Akasema, ndiyo, si wana mwandiko mzuri.

Mwandiko! Ripoti ya kuchapa!

Sikucheka.

Jumatatu, 8 Septemba

Wateja wachache. Nimefungua orodha ya chuo, faili refu. Kozi ya kompyuta nimehesabu kwa kalamu, mstari kwa mstari, safu ile ya jinsia. Nikarudia.

Majina sabini na moja. Wasichana sita.

Chini wameandika nafasi zilizobaki kwa dirisha la pili la maombi: kumi na tisa.

Kumi na tisa tupu. Na sita, mmoja wao ni mimi. Wangekuwa saba.

Jumanne, 9 Septemba

Emi kapiga kwa simu ya baba yake. Sauti yake ya kawaida, hiyo ndiyo imeniumiza. Kanipongeza! Kasema ukifika huko kimbilia kiti, usinisubiri mimi.

Meseji ya kuthibitisha imeingia kwenye simu ya mzee, ina namba ndefu. Mwisho ni Jumamosi. Atakuja Alhamisi na gari la mnada, mzee ana mbuzi wa kuuza. "Utanibonyezea wewe, mimi siwezi kujibonyezea ualimu."

Halafu akasema — naandika kama alivyosema — "Sel, hivi mimi sikukosea kupanga? Labda niligeuza namba, siku ile nilikuwa na haraka. Ile karatasi yangu unayo?"

Nikasema sijui. Nitaitafuta.

Iko hapa. Imekaa kati ya kurasa za daftari hili tangu mwezi wa saba.

Jumatano, 10 Septemba

Kuku kataga. Ndani ya katoni ya rimu, juu ya karatasi mpya. Shangazi kafurahi, kasema kumbe una macho.

Nimemuuliza Noel tena (atanishtukia!). Kasema mtu asipothibitisha anaweza kuomba upya dirisha la pili, kwa kozi zenye nafasi. Akithibitisha ndiyo basi, aende na alichopewa.

Kwa hiyo ni kidole tu. Na kidole chenyewe ni changu.

Nimeandika meseji mara tatu, nikafuta. Simu ni ya mzee, yeye ndiye atasoma kwanza. Nikafikiri nimwambie Emi tu kwamba nafasi zipo, jaribu tena, bila kusema mengine. Ingewezekana. Lakini angeniuliza: kama walishanikataa mara moja, kwa nini wanitake sasa? Ningejibu nini? Na mzee hawezi kukubali aache ualimu wa mkononi kwa "jaribu". Atakubali, labda, akijua kwamba hakuna aliyemkataa binti yake.

Leo nimejaribu kufikiria darasa la Dodoma. Sabini na moja. Mimi niko mlangoni, viti vinaisha. Namtafuta Emi.

Ni ajabu. Nilimtoa ili nionekane, na mtu wa kwanza ninayemtafuta ni yeye.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa nne kasoro. Niko chumba cha nyuma, kwenye marobota ya karatasi. Mnada umejaa, vumbi mpaka dukani. Shangazi kaniita mara mbili, nimesema nahesabu bahasha.

Nimeichukua ile karatasi, nimeinyoosha kwa kiganja. 1. Sayansi ya Kompyuta. Amekoleza ile moja, kalamu imetoboa kidogo.

Hakukosea kupanga. Hilo ndilo la kwanza nitakalomwambia, kwa sababu ndilo analojiuliza. La pili sijui nitalianzaje. Nimelifanyia mazoezi kwa Kiswahili, nikalifanyia kwa Kiingereza. Kwa Kinyaturu, cha nyumbani, nilifika katikati nikalia.

Anaweza kunipiga. Anaweza asiseme na mimi tena, akaenda Dodoma tukakaa darasa moja miaka mitatu bila salamu. Sawa. Mzee anaweza kuja kudai kuku wake. Tena na mayai.

Au nibonyeze tu. Dakika moja. Atakuwa mwalimu mzuri, atakuwa mzuri kwa lolote, mzee atafurahi, na mimi —

Nje: "Shikamoo shangazi!" Ni yeye. Shangazi anamwambia umekonda, kula ugali, walimu hawakondi. Emi anacheka. Kicheko kifupi.

Anauliza Sel yuko wapi.

Nyuma huko, anahesabu bahasha toka asubuhi kama anahesabu nyota, pita tu mama.

Ndala zake. Anaburuta ya kushoto, kama siku zote.

Karatasi nimeiweka juu ya robota, mahali atakapoiona akiingia. Daftari hili nalisukuma chini ya bahasha. Hili langu. Ile ni yake, siigusi te —