Uji Mweupe wa Zuhura

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimesali, nimefagia, nimekoroga uji. Unga wa muhogo, maji, sukari vijiko viwili. Zuhura kanywa kikombe kizima bila kelele. Mjukuu mtulivu sana huyu. Mama yake alikuwa akilia mpaka majirani wanafunga madirisha.

Baadaye mikoroshoni mpaka jua lilipokuwa kali. Korosho zimeanguka nyingi mwaka huu, mgongo unaniua. Zuhura nilimkalisha kwenye mkeka kivulini. Nikamkuta palepale nilipomwacha, sisimizi wanampanda mguuni, wala hajawafukuza.

Tatu kapiga simu kutoka Delta, kwa mumewe. Binti yangu huyu wasiwasi hauishi. Mwanangu anakula? Analala? Nikamwambia kanona, mashavu yamejaa, mimi nimelea wanne na wote wazima. Ashughulike na mimba yake, imeshafika miezi mitano. Mimi ndiye niliyemwambia amwachishe Zuhura ziwa siku ileile alipojijua ana mimba, amlete kwangu Mtawanya asahau kunyonya. Ndivyo tunavyofanya huku tangu zamani. Maziwa ya mwenye mimba yanamharisha mtoto.

Alipoletwa mwezi wa saba alikuwa na mwaka na mwezi mmoja. Alilia siku tatu, ya nne akanyamaza.


Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemchana Zuhura, nywele zikabaki kwenye kitana. Zimekuwa laini, zina wekundu. Jua tu.

Bi Pili, jirani yangu, kaja kuazima ungo. Kamwangalia mtoto, kaguna, kaniambia, “Mwenzangu, huyu kabemendwa.” Mbele ya mtoto! Yaani Tatu na mumewe hawakusubiri, wakatafuta mimba nyingine huyu bado mchanga, na sasa mwili wa mtoto unalipa. Nikampa ungo na nikamwonyesha njia.

Nimekasirika mpaka sasa. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha sayansikimu. Nimechora kwa mkono wangu, kwenye karatasi za manila, vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Pili hakumaliza darasa la nne. Leo yeye ndiye wa kunieleza mtoto ana nini? Hee!


Jumanne, 15 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya kupima uzito zahanati. Sikwenda. Nimesema kichwa kinaniuma.

Kichwa hakikuniuma. Nilijua wanawake wote wa Mtawanya watakuwa pale kwenye benchi. Watamtazama Zuhura, watatazamana wao kwa wao, na jina la Tatu litatembea mpaka Kibiti mjini. Na nusu ya hao mama wadogo niliwafundisha mimi. Niliona haya. Hapa hakuna wa kunicheka, ndiyo maana naandika.


Jumamosi, 19 Oktoba

Kuku kamnyang'anya Zuhura kipande cha muhogo mkononi. Mtoto hakulia. Alitazama kiganja chake kitupu, basi.

Ngozi ya mapajani inabanduka. Nimempaka mafuta ya nazi.

Sipendi ukimya huu.


Jumapili, 20 Oktoba

Nilikuwa namwogesha. Nikamshika mguu nimsugue, kidole gumba changu kikazama. Nilipokitoa, shimo likabaki. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Shimo bado lipo.

Nimekaa chini pale uani na maji yake yakapoa.

Kwashakoo. Najua. Nimelifundisha neno hili kila mwaka darasa la sita. Damu ikikosa protini inashindwa kushika maji yake, maji yanavuja, yanajaa miguuni, kwenye mikono, usoni. Mtoto anavimba, na mjinga anasema kanona. Nilikuwa nawapiga fimbo waliosahau hilo. Kumbe mashavu niliyokuwa najisifia kwa Tatu yalikuwa maji.

Miezi mitatu uji mweupe. Asubuhi uji, mchana ugali wa muhogo na mchuzi, jioni uji. Muhogo unashibisha tumbo, haujengi nyama. Ukumbini kwangu kuna magunia ya korosho mpaka mlangoni. Kuku wanane wanataga. Mayai nawaachia waatamie, na pia kwa sababu mama yangu aliniambia mtoto asipewe yai kabla hajajua kusema vizuri. Darasani nilikuwa nasema huo ni ujinga. Nyumbani kwangu nimeufuata bila hata kujiuliza.

Nimejidharau leo. Sijawahi kujidharau hivi.


Jumatatu, 21 Oktoba

Bodaboda asubuhi mpaka hospitali. Nilimfunika Zuhura kanga mpaka usoni, eti vumbi.

Nesi alibonyeza mguu kama nilivyobonyeza mimi. Kisha akaniinulia macho. “Shikamoo, Mwalimu.” Saida! Nilimfundisha huyu. Alikuwa hodari, daftari lake lilikuwa safi kuliko yote. Natamani ningeangukia kwa mgeni.

Saida hakunisuta. Ingekuwa afadhali anisute. Alinieleza taratibu, kwa heshima, na mimi nikawa naitikia kana kwamba nilikuwa nayajua yote. Kwamba mwili usiopata chakula unaanza kujila wenyewe. Kwanza mafuta, halafu nyama ya mikono na matako. Na moyo nao ni nyama. Moyo wa Zuhura umepungua kama mkono wake ulivyopungua, ila huo hatuuoni.

Tumelazwa. Wodi ina mama wanne na watoto wao. Bibi ni mimi peke yangu.


Jumatano, 23 Oktoba

Anapewa maziwa ya dawa kwa kikombe kidogo, kila baada ya saa mbili. Kikombe chenyewe cha kuchezea. Saida kasema chochote kingine ni marufuku, hata kijiko cha mchuzi. Hasa chumvi. Mwili uliozoea njaa umepunguza kila kitu, moyo, figo, tumbo. Ukiujaza ghafla unashindwa. Wiki ya kwanza ni ya kuubembeleza tu. Nyama itakuja baadaye.

Uvimbe umeanza kushuka. Na sasa ndiyo namwona mjukuu wangu alivyo. Mbavu. Mabega mawili madogo yenye ncha. Mtoto huyu ndiye niliyekuwa nimemlaza kwenye kitanda changu miezi mitatu nikidhani nimelaza bonge la mtoto.

Tatu kapiga simu. Nimemwambia ni homa kidogo, tuko hospitali kwa tahadhari tu, asihangaike na boti akiwa na tumbo. Nimemdanganya mwanangu bila kumeza mate.


Alhamisi, 24 Oktoba

Kanywa vikombe vyote. Hakutapika. Saida kafurahi, kasema Mwalimu tunakwenda vizuri.

Mimi nimechoka kukaa. Nimechoka pia kuitwa Mwalimu.


Ijumaa, 25 Oktoba

Leo Zuhura kalia!

Kalia kwa njaa, kwa hasira, na machozi juu. Kamaliza kikombe na kunyoosha mkono kutaka kingine, hakikuwepo, akalia tena. Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo. Miezi mitatu hajadai kitu. Nikalia na mimi.

Adhuhuri Bi Pili kaja kunitazama. Kaja na bakuli, wali wa nazi na perege wa kuchemsha, bado wa moto. Ni chakula changu mimi, wala hakumletea mtoto. Kaniomba radhi kwa yale maneno. Nikaona haya, maana mwenye kosa si yeye.

Alipoondoka, Zuhura kaliona bakuli. Kanyoosha mikono yote miwili.

Nataka kuandika hili sawasawa. Mama wengine Saida huwakagua vikapu kila akipita. Changu hajawahi kukigusa, ameona mwalimu wake hawezi kumfanyia hivyo. Nilingoja atoke wodini. Nilichambua samaki, nikatoa miiba, nikamtia mdomoni kidogo kwanza. Nilisema ni tonge moja tu. Nilikuwa naona picha yangu ya kwenye manila, samaki niliyemchora mwenyewe, kundi la kujenga mwili. Nilitaka nimjenge. Nilitaka siku moja ilipe miezi mitatu. Akafungua mdomo tena. Nikampa wali, nikampa mchuzi, nikampa samaki ubavu mzima. Kala kama mtu mzima. Nimefuta mdomo wake kwa kanga na kuficha bakuli.

Kalala, tumbo limejaa. Nina furaha na nina hofu.


Jumamosi, 26 Oktoba

Zuhura kafariki saa nne asubuhi. Alianza kuhema haraka alfajiri. Miguu ikavimba upya. Saida alikuwa naye muda wote, na daktari, na mashine ya hewa.

Kazikwa Mtawanya baada ya alasiri. Maji ya Delta yalikuwa yamekupwa, boti haikuondoka, Tatu hakuwahi.


Jumapili, 27 Oktoba

Tatu kafika saa saba na mumewe, Shamte. Hakuniangalia. Kaenda moja kwa moja kaburini na tumbo lake, akakaa mchangani.

Jana, kabla hatujaondoka wodini, nilimwambia Saida kuhusu bakuli. Akasema watoto wa namna hii moyo unaweza kusimama hata bila samaki, hawezi kusema kwa uhakika ni nini. Inawezekana ni hilo, inawezekana silo. Akanishika mkono. Alikuwa analia, na bado aliniita Mwalimu.

Ningependa kulishika lile la “inawezekana silo”. Nimejaribu toka jana, halinikai.


Jumatatu, 28 Oktoba

Msiba umejaa watu. Wanawake jikoni wananong'ona. Nimesikia kwa masikio yangu. Kabemendwa. Mama yake hakuweza kungoja. Ona tumbo lile, limemla mwenzake.

Tatu naye kasikia. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta, mchele ukawa unamwagika chini, yeye anapepeta tu.

Mimi nilikuwa mlangoni. Sikusema kitu. Nilipoona wanamtazama yeye na hawanitazami mimi, nilipata nafuu. Nafuu! Mungu anisamehe. Nimemwachia mwanangu abebe langu, na ana mtoto tumboni.


Jumanne, 29 Oktoba

Leo tumetoa hitima. Walipomaliza kula, kabla hawajafunga vilemba vyao kuondoka, nilisimama ukumbini. Magunia ya korosho yalikuwa nyuma yangu.

Nikasema mtoto huyu hakubemendwa na mtu. Hakuna kitu hicho. Mtoto aliuawa na njaa, na njaa ile ilikuwa nyumbani kwangu, mkononi mwangu, kwenye sufuria yangu. Mama yake alimleta mzima, ana nyama. Nilimwachisha ziwa mimi. Nikamlisha muhogo mtupu. Zahanati nilimficha kwa kuwaonea nyinyi haya. Na hospitali, walipokuwa wanamrudisha pole pole, nilimpa wali na samaki kwa siri.

Bi Pili akaanza kulia, akasema lile bakuli lilikuwa lake. Nikamwambia nyamaza Pili, bakuli lako, mkono wangu.

Sauti yangu ilikuwa ya darasani. Sikuwa na nyingine. Nikawaambia mwenye mimba anyonyeshe, maziwa yale hayana ubaya wowote, na mtoto apewe yai, na samaki, na maharage, na korosho zilizosagwa kwenye uji, kila siku, asingoje kujua kusema. Wengine walitazama chini. Mmoja alitoka. Sijui nani atanisikiliza tena katika mambo haya.

Tatu alikuwa amekaa ukutani. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Shamte mkwe wangu alibaki amesimama uani na sahani mkononi mpaka wote wakaondoka.


Jumatano, 30 Oktoba

Tatu hajatoka chumbani ila kutawadha. Chakula anachukua kwa Bi Pili. Changu hagusi. Ana haki.

Shamte kaniambia watarudi Delta Jumamosi maji yakijaa. Kaniambia kwa upole, anatazama pembeni.


Ijumaa, 1 Novemba

Asubuhi nilikuwa nimekaa kibarazani. Tatu katoka, kaja kukaa kwenye mkeka, mbali kidogo na mimi.

Kisha akaniuliza kama yule samaki alikuwa na miiba. Nikamwambia niliitoa yote, mmoja mmoja.

Akaniuliza, “Alimpenda?”

Nikamwambia alimpenda. Alilamba vidole vya mkono wa kulia, vyote, halafu akalamba na vya kwangu. Zuhura akacheka kidogo. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka tangu mwezi wa saba.

Tatu akaitikia kwa kichwa. Akaomba nimsimulie tena, tangu mwanzo, nisiruke kitu. Nikamsimulia. Akajifunika uso kwa kanga na akasogea mpaka bega lake likagusa la kwangu, na tukabaki hivyo mpaka adhana ya Ijumaa.