Shemeji kanipa mlio wa gari lake

Kaka, shemeji yangu kaniibia. Ndiyo, huyo huyo fundi, kaka wa mke wangu!

Si nilimpelekea gari juzi abadilishe pampu ya maji, lilikuwa linachemka? Kuchemka kumeisha. Lakini tangu nilichukue linagonga ngo-ngo-ngo, na nikisimama usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana.

Na mlio ule naujua. Ni wa gari lake! Mwezi mzima tulikuwa tunamcheka.

Leo kaja kula kwangu. Gari lake limeingia uani kimya kama paka. Kimya, kaka!

Nikafungua boneti yangu. Ile raba mpya ya kushikilia injini isigonge, tuliyofunga mimi na wewe tukaipaka alama nyeupe, haipo. Kuna kuukuu imepasuka. Nikafungua boneti yake. Alama yetu hiyo hapo.

Katoka ndani anachokoa meno. Unajua kaniambia nini? "Shemeji, gari lako linagonga vibaya. Lilete kesho nilitazame."

Nilitazame!

Mke wangu naye kaitikia jikoni: "Una bahati, una fundi wa familia."

Njoo na jeki na spana zako sasa hivi. Raba yangu hailali kwake, na yeye ataondoka na mlio wake.